Besi wa Naivasha Hawaishi Mafunjoni Tu

Wiki haipiti bila mteja kupanda mashua yangu na, kabla injini haijapata moto, kuninyooshea kidole upande wa mafunjo akisema, "Nipeleke pale, samaki wako pale." Nimejibu kwa upole kwa miaka mingi, lakini upole nao huchakaa, na afadhali niyaandike haya mara moja kuliko kuyarudia kila Jumamosi huku jua likipanda na samaki wakiacha kula.

Dhana yenyewe ni kwamba katikati ya Ziwa Naivasha ni tope tupu lililosawazika, na kwamba samaki aina ya besi wote hujibanza ukingoni. Sikatai kwamba mafunjo yana samaki. Vifaranga vya perege hujificha humo, besi wadogo huwafuata, na alfajiri hata mkubwa mmoja mmoja hupita akiwinda. Hata hivyo, ukingo huo hupigwa chambo na kila mashua inayotoka gatini, na samaki aliyenusurika hapo amekwisha kujifunza sauti ya injini. Besi, aliyeletwa ziwani humu mwaka 1929 na ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, hatafuti ukingo kwa sababu ni ukingo. Anatafuta mahali ambapo vitu viwili hukutana: tope na changarawe, maji mafupi na marefu, magugu na maji ya wazi. Mahali hapo pakiwa kilomita moja kutoka nchi kavu, atakaa kilomita moja kutoka nchi kavu.

Linalowapotosha watu ni ufupi wa maji. Kina cha wastani cha ziwa hili hakizidi sana mita 4 hadi 6, kutegemea mwaka, na mtu akilitazama lilivyo pana hudhani chini ni kama sakafu. Lakini katika maji ya mita 4, mwinuko wa nusu mita ni kilima, na mtaro wa mita moja ni bonde. Tena ziwa hili lina historia ambayo wageni huisahau. Mwishoni mwa 2009 maji yalikuwa yamekimbia mbali, nyasi zikaota palipokuwa ziwa, na mifereji ikachimbwa ili kuyafuata maji kwa ajili ya pampu za mashamba. Kisha maji yakarudi, yakapita mpaka wake wa zamani, na kufikia 2020 yalikuwa yameingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Nguzo za ua, visiki vya migunga, mifereji na kingo za zamani havikwenda popote. Viko chini ya maji, mbali na mafunjo ya leo, na ndivyo vinavyowashikilia besi wakubwa. Ongeza hapo ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno, iliyozama kando ya Kisiwa cha Crescent, ambako maji hushuka ghafla hadi zaidi ya mita 15, nawe utaona kwamba neno "tambarare" halina mahali hapa.

Jinsi ya kuvipata visiki na vilima hivyo vya chini ya maji si siri. Nenda polepole ukiburuta bildi, yaani chubwi zito lililofungwa kamba yenye fundo kila nusu mita. Tope hulimeza chubwi kimyakimya, changarawe humgonga mkono mwenye kamba, na kisiki hulinasa. Ukigonga kitu, dondosha boya papo hapo. Langu ni chupa tupu ya mafuta ya kupikia, iliyozungushiwa kamba na kufungwa jiwe, na siuzi wala siazimi. Kisha linganisha alama mbili za nchi kavu, kwa mfano mti mrefu mmoja na paa nyuma yake, ili urudi hapo hata boya likipotea. Usitie nanga juu ya mahali penyewe. Simama umbali wa kutupa mshipi, upande ambao upepo unatoka, kwa maana katika maji mafupi kivuli cha mashua pekee kinatosha kuwatawanya samaki.

Kuna wanaonijia na mashine ya kupima kina, na hao ndio hunichosha zaidi, kwa sababu wanapokosa kuona alama za samaki kwenye kioo huhitimisha kwamba pako patupu. Hebu tupige hesabu. Mwale wa sauti ambao mashine huutuma chini, ukiwa wa digrii 20, katika maji ya mita 3, hufunika duara lenye upana wa takriban mita moja tu chini ya mashua, na besi gani atasubiri mashua impite juu ya kichwa? Mashine hiyo ni nzuri kwa kusoma sakafu, iwapo ni ngumu au laini, na mahali inapoinuka au kushuka. Samaki mwenyewe mtafute kwa chambo. Mteja mmoja alishinda kutwa nzima akiinamia kioo, nami nikavua besi watatu nyuma ya mgongo wake, kwenye mfereji aliokuwa ameuita "mtupu" dakika kumi kabla.

Dhana nyingine hazistahili maneno mengi. Wapo wanaosema kwamba jua likiwa kali besi hushuka kwenye maji baridi ya chini, kama walivyoona katika video za Marekani. Ziwa letu liko karibu na ikweta, halina majira ya baridi, na upepo wa alasiri huyachanganya maji yake karibu kila siku. Katika sehemu kubwa ya ziwa hakuna tabaka la baridi la kukimbilia.

Upepo wenyewe nao husingiziwa. Wengi hutaka kufunga kazi mawimbi madogo yanapoanza, ilhali uso wa maji uliovunjika humficha mvuvi na kumpa besi ujasiri. Upepo ukizidi tutarudi, wala sibishani juu ya usalama, lakini mawimbi madogo si tufani.

Husemwa pia kwamba besi hula samaki tu, hivyo chambo bandia lazima kifanane na samaki. Kamba wa maji yasiyo na chumvi kutoka Louisiana wameletwa ziwani humu tangu 1970, na palipo na kamba wengi, besi huwala kwa ulafi. Kwa hiyo, katika maji ya wazi, mimi hutumia mnyoo wa plastiki wa rangi ya kahawia iliyoiva, wenye chubwi la gramu 5 hadi 7, nikaukokota chini polepole kiasi cha kumkera mteja anayeuangalia.

Mwisho ni wale wanaoniambia kwamba samaki wengine, karpu, wamewamaliza besi. Karpu waliongezeka sana baada ya kuingia ziwani karibu na mwanzo wa karne hii, na kweli hulichimbua tope na kuyachafua maji, jambo linalomsumbua besi anayewinda kwa macho. Besi wamepungua, ila hawajaisha, na maji yakiwa machafu mimi hubadilisha mnyoo wa kahawia nikaweka mweusi, kisha nikaukokota polepole zaidi.