Kambare hai si cheti cha maji safi

Kila ikisambaa picha ya kambare aliyevuliwa Mto Nairobi, watu husema mto umepona. Nimechoka kulisikia hili. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa, juu ya mashavu (yale matamvua ambayo samaki hupumulia majini). Oksijeni ya majini ikiisha, hupanda, akavuta hewa, akashuka. Kumkuta hai kunaeleza uwezo wake, si hali ya maji. Tilapia hana kiungo hicho. Oksijeni ikipungua chini ya miligramu 3 kwa lita, hamu ya kula humtoka na magonjwa humwingia. Tena huku Nairobi, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji safi kabisa ya nyuzi 25 hayabebi hata miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Mombasa yangebeba 8.

Kinachoniudhi zaidi ni ripoti za maabara kuhusu amonia, kemikali itokanayo na majitaka, zinazosema "amonia miligramu 2 kwa lita" kisha zikanyamaza. Pasipo pH (kipimo cha asidi na alikali) na jotoridi, namba hiyo haisaidii. Amonia huwa na sura mbili majini: ile yenye chaji, isiyo na madhara makubwa, na ile isiyo na chaji, inayopenya mashavu na kuingia kwenye damu. Kwa nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwa pH 8 ni kama 5. Kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Basi zile miligramu 2 hutoa sumu ya takriban 0.01, 0.1 au 0.7, na wafugaji wengi wa samaki huanza kuhangaika sumu hiyo ikifika miligramu 0.05 kwa lita.

Majitaka hurutubisha mwani. Mchana mwani hunyonya kaboni dioksidi, pH ikapanda, na sumu hufika kilele alasiri. Usiku mwani nao unapumua, bakteria wanaozesha uchafu, na oksijeni hufika chini kabisa kabla ya mapambazuko. Anayechota sampuli saa nne asubuhi amezikosa hatari zote mbili. Pima oksijeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kifaa kikiwa ndani ya maji yenyewe. Pima pH na jotoridi saa tisa alasiri, palepale, maana pH hubadilika ndani ya chupa. Sampuli ya amonia iwekwe kwenye barafu na kutiwa asidi ya salfa hadi pH ishuke chini ya 2.

Hata hicho kipimo cha 0.05 sikitegemei sana mtoni. Viwango vya namna hiyo hutoka kwenye majaribio ya sumu moja moja, ilhali samaki wa hapa hupata amonia, sabuni, nitraiti na metali kwa mpigo, huku oksijeni ikiwa haba. Mashavu yaliyovimba kwa sumu moja hushindwa haraka na nyingine.

Nitraiti, kemikali ambayo amonia hugeuka kuwa, hugeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni. Bwawani, chumvi husaidia: kloridi iliyomo kwenye chumvi iwe mara 10 ya nitrojeni iliyomo kwenye nitraiti. Mtoni haiwezekani.

Kuhusu kula samaki hawa: metali za kromiamu na risasi hukusanyika zaidi kwenye ini, figo na mashavu, kwa hiyo kutoa matumbo na mashavu hupunguza kiasi fulani. Zebaki hukaa kwenye mnofu wenyewe. Hakuna kukaanga kunakoiondoa.