Piko na rangi za nywele: majibu kwa wanaopaka nyumbani

Kila baada ya Idi na kila msimu wa harusi tunapokea kituoni nyuso zilizovimba. Macho yamefumba, nyuma ya masikio panachuruzika majimaji, na ukimuuliza mgonjwa amepaka lini, anakwambia siku nne zilizopita. Siku nne!

Piko ni nini?

Ni rangi nyeusi ya nywele. Inayoleta mzio ni kemikali yake, parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD. Hina ya majani haina kemikali hiyo, na peke yake hutoa rangi ya machungwa au nyekundu ya kahawia, si nyeusi. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayokolea upesi, mara nyingi ni piko. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu PPD kichwani isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na zinaikataza kuchorwa kwenye ngozi. Sisi tunamchora nayo bibi harusi mikono na miguu, na watoto nao wanapanga foleni wachorwe maua.

Mama amepaka miaka mingi bila kudhurika. Mimi imekuwaje?

Mzio si lazima uje mara ya kwanza. Mwili huvumilia mara tano, mara hamsini, kisha siku moja unakataa, na ukishakataa hausahau. Wengi wanaofura kichwa kwa rangi ya nywele walichorwa piko mkononi utotoni.

Mara iliyopita niliwashwa kidogo tu, nikapona. Nipake tena?

Hapana. Swali hili naulizwa kuliko yote, tena na mtu ambaye makovu hayajamtoka. Usipake tena aina ile, wala aina nyingine yenye PPD, wala kidogo kwenye mvi za mbele, wala kwenye ndevu, baba. Kule kuwashwa kidogo ndiko kulikuwa kukuonya, na safari ya pili huwa mbaya zaidi. Usijifariji kwamba mwili utazoea. Hauzoei.

Ambaye hajawahi kuwashwa ajipime vipi?

Siku mbili kabla, paka tone nyuma ya sikio kama pakiti inavyoelekeza, uliache bila kuliparaza kwa saa 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakifura, rangi hiyo si yako. Najua harusi ni kesho. Jipime mapema. Na ukipaka, vaa glavu, usiguse kope wala nyusi. Kama umetia dawa ya kulainisha nywele, subiri wiki mbili, na kichwa chenye michubuko usikipake kabisa.

Nimeanza kuwashwa rangi ikiwa kichwani. Nivumilie dakika ziishe?

Usivumilie hata moja. Inama, suuza kwa maji mengi na sabuni laini, maji yasishukie machoni. Kisha acha limau, acha dawa ya meno, acha mafuta ya taa. Vitu hivyo vinaichoma ngozi ambayo tayari imeungua, na kazi yetu inakuwa mara mbili.

Mara nyingi uvimbe huja kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana watu huwasingizia samaki wa jana au jicho la jirani. Vidonge vya mzio vya duka la dawa havitoshi kwa ngozi iliyofura hivyo. Njoo siku ile ile kope zinapoanza kuvimba, usisubiri malengelenge wala usaha. Na ikivimba midomo au ulimi, sauti ikikauka au pumzi ikibana, hata ikiwa saa nane za usiku, amsha watu upelekwe hospitali.

Mtoto amekunywa rangi iliyobaki kwenye kikombe. Nimpe maziwa?

Usimpe maziwa, usimtapishe, usimtazame kwanza "tuone". PPD ikimezwa hufurisha shingo na koo mpaka hewa isipite, kisha huharibu misuli na figo, mkojo ukatoka mweusi kama kahawa. Haina dawa yake maalumu ya kuizima. Kuna kuwahi tu, ili koo lifunguliwe na figo zisaidiwe. Mbebe sasa hivi, hata kama anacheka na anacheza, na uje na pakiti ya rangi mkononi.