Je, wajua kwa nini kitufe cha "Run workflow" cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, hakitokei kwenye tawi lako?

Jumamosi moja pale Soweto, Mbeya, kijana ninayemfundisha kuandika programu alinigeuzia kompyuta yake. "Kaka, faili nimeliandika, nimelipandisha GitHub, mbona kitufe hakipo?"

Anatengeneza mfumo wa kuwatumia wakulima wa parachichi wa Rungwe bei za siku kwa ujumbe wa simu. Kwenye tawi (nakala ya kando ya mradi) aliloliita bei-mpya alikuwa ameweka faili la kazi ya kujiendesha: kompyuta za GitHub zichukue kodi yake, yaani maandishi ya programu, ziipime, zimpe majibu. Hakutaka kazi hiyo ianze kila anapopandisha badiliko. Alitaka kuianzisha mwenyewe, na alikuwa na sababu: ripozitori (hifadhi ya mradi) ya siri kwenye akaunti ya bure ina dakika 2,000 tu za kazi hizo kwa mwezi.

Nililisoma faili mstari kwa mstari, sikuona kosa. Lilikuwa ndani ya folda ya .github/workflows, na lilikuwa na neno workflow_dispatch, ambalo GitHub waliliongeza mwaka 2020 ili kazi za namna hii zianzishwe kwa mkono. Tatizo ni kwamba lilikuwa bei-mpya peke yake. Tawi kuu halikuwa nalo.

Unapopandisha kodi, tukio hilo linakuja na tawi lake, kwa hiyo GitHub inajua itazame wapi. Kitufe hakina tawi. Ripozitori inaweza kuwa na matawi mia, kila moja na nakala yake ya faili, tena zisizofanana. Ndiyo maana orodha ya vitufe inasomwa sehemu moja tu: tawi kuu, ambalo mara nyingi ni main. Faili lisipokuwepo hapo, hakuna kitufe. Hata kazi zilizopangiwa saa zinafuata tawi hilo hilo.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuingiza kodi yao yote main kabla haijaiva. Msifanye hivyo, jamani! Main inatoa kitufe tu. Ukikibonyeza unafunguliwa menyu ya matawi, na ukichagua bei-mpya, linalosomwa ni faili la bei-mpya, na kodi inayopimwa ni ya huko. Kwa hiyo tuliweka main faili dogo lenye jina lile lile, lina workflow_dispatch na hatua moja ya kuandika "habari", basi. Tukafungua upya ukurasa wa Actions, unaoonyesha kazi hizo, kitufe hicho hapo.

Tawi utakalochagua nalo lazima liwe na faili hilo, likiwa na workflow_dispatch ndani yake, la sivyo ombi linakataliwa. Na angalia sana menyu ile, maana inafunguka ikiwa tayari kwenye tawi kuu. Usipobadilisha, unapimiwa kodi ya main huku ukidhani ni yako.

Kijana wangu hapendi kubonyeza, kwa hiyo aliandika amri:

gh workflow run pima.yml --ref bei-mpya

Bila ile --ref, inayotaja tawi, amri nayo ingekwenda tawi kuu. Tulisubiri kidogo, ikaja alama nyekundu. Siku ambayo hakuna bei iliyoingizwa, programu yake ilikuwa inagawanya kwa sifuri. Akavuta kiti, akaanza kurekebisha.