Kifaranga wa kambare hazaliwi na tumbo kamili

Kuna hii imani ya siku nyingi kwa wafugaji, eti kifaranga wa kambare akitoka tu kwenye yai mpe unga wa dagaa na pumba, si samaki huyo, tofauti ni saizi tu. Hapana jamani. Kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, yai linaanguliwa ndani ya siku moja na anayetoka hapo hata mdomo hajaufungua, anaishi kwa kiini alichobeba chini ya tumbo, na utumbo wake ni kamrija tu kamenyooka. Siku ya 2 au 3 ndo anaanza kutafuta chakula, ila tumbo lenyewe la kutoa asidi bado, linakuja kufanya kazi kama siku 4 au 5 baada ya kuanza kula, kwa hiyo kwa sasa anategemea vimeng'enya vya kongosho, yaani kemikali za mwili za kusaga chakula, na chembe za protini zinamezwa na seli za utumbo wa nyuma zikamaliziwa kusagwa humo humo ndani ya seli. Ndo maana wanaanzishiwa artemia hai, vile vidudu vidogo vya maji ya chumvi. Ule unga mwingi unazama, unaoza, maji yanachafuka, halafu lawama anapewa aliyeuza vifaranga!