Rangi ya maji: maana yake kwa mchoraji

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Lindi mjini uombe rangi ya maji: utapewa ndoo ya kupaka ukutani. Mchoraji naye ana rangi ya maji yake, na kazi za rangi hizo mbili zinakwenda kinyume. Ya ukutani inafunika. Ya mchoraji haifuniki kitu.

Ni unga laini wa rangi uliokandwa na gundi ya mgunga, ukauzwa kama vidonge vikavu au ndani ya vitubu. Maji huubeba unga huo hadi kwenye karatasi, kisha hukauka na kuuacha hapo, tabaka jembamba mno. Mwanga hulipenya, hugonga weupe wa karatasi na kurudi machoni. Ndiyo maana picha nzuri ya rangi ya maji huonekana kama ina taa ndani yake.

Kwa hiyo nyeupe haipakwi, huachwa. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama, na mimi naona ndipo penye utamu wote. Chukua mlango wa mto Lukuledi maji yakiwa yamepwa. Mashua zimelala ubavu kwenye tope, mikoko imeanika mizizi, na vijito vilivyobaki vinametameta. Ule mmeto ni karatasi tupu. Mchoraji ameshaamua pa kuuacha kabla hajachovya brashi, kisha anakwenda kutoka rangi hafifu hadi nzito, kwa sababu rangi hafifu ikipakwa juu ya nzito haionekani.

Tope lenyewe hupakwa kahawia iliyozimuliwa sana. Kabla halijakauka, hudondoshewa buluu kidogo. Rangi zinaingiana bila mpaka, na jicho linaona tope bichi. Mrengu wa ngalawa na kamba ya nanga husubiri karatasi ikauke, maana vinataka ukingo mkali. Kwa jua la Lindi la mchana, karatasi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili, hivyo afadhali asubuhi, au kivulini.

Tena bahari haisubiri. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hutoka mbali zaidi na kurudi kwa kasi. Chombo ulichokiona kimelala kitakuwa kimesimama kikielea. Basi vyombo huchorwa kwanza kwa penseli, tope na mbingu baadaye.

Ukipaka kwa bahati mbaya pale palipotakiwa kubaki peupe, lowesha kwa maji safi na ubonyeze kitambaa kikavu. Rangi itapungua, lakini weupe wa mwanzo hauwezi kurudi wote.