Mwani wa kupunguza methani ya mifugo: maana yake na unavyofanya kazi

Nyongeza ya mwani ni kiasi kidogo cha mwani mkavu, au mafuta yaliyolowekewa mwani, kinachochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe, kondoo au mbuzi ili mnyama atoe methani kidogo. Haishibishi, wala haichukui nafasi ya majani au pumba. Ni dozi, na ipimwe kama dozi.

Methani yenyewe, kinyume na wengi wanavyodhani, haitokani sana na ushuzi. Sehemu kubwa hutoka mdomoni mnyama anapobeua. Katika rumeni, chumba kikubwa cha tumbo la mnyama anayecheua, vijidudu huchachua chakula na kuachia hidrojeni na kaboni dioksidi. Vijidudu vingine, arkea, huziunganisha gesi hizo na kutengeneza methani. Kwa njia hii ng'ombe hupoteza asilimia 2 hadi 12 ya nishati iliyomo kwenye chakula chake. Nayo kilo moja ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, huongeza joto la dunia takriban mara 27 kuliko kilo ya kaboni dioksidi.

Mwani unaotajwa zaidi ni mwekundu: Asparagopsis taxiformis wa bahari za joto, na ndugu yake Asparagopsis armata. Ndani ya seli zake mna vijifuko vinavyohifadhi bromofomu, kemikali inayozuia hatua ya mwisho ya kutengeneza methani. Arkea hawaangamizwi, wanazuiwa kazi tu, na ukikatiza mwani methani hurudi. Hidrojeni iliyobaki, nyingine hubeuliwa kama ilivyo, nyingine huishia kwenye asidi ya propioni, ambayo ini la mnyama huigeuza kuwa sukari.

Ndiyo maana si kila mwani unafaa. Eucheuma na Kappaphycus, inayolimwa kwa ajili ya karajini (kiungo cha kufanya vyakula viwe vizito), haina bromofomu ya kutosha kuleta matokeo haya. Anayeuza "mwani wa mifugo" bila kutaja aina na kiwango cha bromofomu anauza chumvi na madini.

Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa ng'ombe wa nyama mwani kwa asilimia 0.2 ya chakula, na methani ikapungua kwa hadi asilimia 98. Hao walikuwa zizini, wakila nafaka kwa wingi. Huko California, jaribio lililochapishwa 2021 lilionyesha kwamba kwa asilimia 0.5 waliokula nafaka nyingi walipunguza takriban asilimia 80, na waliokula majani mengi karibu nusu. Nyuzinyuzi zikizidi, hidrojeni huzidi, na dozi ileile haitoshi tena.

Sasa hesabu. Ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu (uzito bila maji) kwa siku, asilimia 0.2 ni gramu 20 za mwani mkavu. Kila gramu ikiwa na miligramu 6 za bromofomu, anapata miligramu 120. Mwani huohuo ukishuka hadi miligramu 1.5 kwa gramu, anapata 30 tu, ingawa mizani inasoma gramu 20 zilezile.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Bromofomu huruka hewani upesi. Mwani ulioanikwa juani hupoteza nyingi kabla haujafika ghalani, kwa hiyo hugandishwa mara tu baada ya kuvunwa kisha hukaushwa ungali umeganda, au hulowekwa kwenye mafuta ya kula. Uhifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pa baridi na giza, na upimwe maabara kila shehena, si mara moja kwa mwaka.

Kuchanganya nako kuna namna yake. Ukinyunyiza unga wa mwani juu ya lishe, ng'ombe huusukuma pembeni kwa pua, maana harufu yake ni kali. Koroga kwanza na molasi iliyozimuliwa kwa maji, kisha changanya kwenye lishe yote hadi unga ushike kwenye majani. Anza na robo ya dozi na upande taratibu kwa wiki mbili. Pima kinachobaki kwenye hori kila asubuhi: katika jaribio moja la ng'ombe wa maziwa, asilimia 1 ya mwani ilipunguza ulaji kwa zaidi ya theluthi na maziwa yakashuka. Bila kupima mabaki, methani inaweza kuonekana imepungua kumbe mnyama anashinda njaa.

Kwa mifugo ya malishoni ugumu huongezeka, kwa sababu bromofomu huvunjwavunjwa rumenini ndani ya saa chache. Dozi moja ya asubuhi haifiki jioni.

Kisha kuna iodini. Mwani huu unayo nyingi, nayo hupita kwenye maziwa. Kwa ng'ombe wa maziwa, iodini ya mwani ijumlishwe na iliyomo kwenye madini wanayolamba, na ya madini ipunguzwe ikibidi. Maziwa yenyewe yapimwe iodini na bromidi (mabaki ya bromofomu iliyovunjwa) kabla ya kuuzwa.