Printa ya leza iliyosimamishwa kutengenezwa: uliza tona kwanza

Juzi dada mmoja mwenye steshenari Mbagala alinitumia picha kwa WhatsApp. "Fundi, hii HP LaserJet P1102 ni mpya kwenye boksi, wameshusha bei karibu nusu kwa sababu haitengenezwi tena. Nichukue?" Nikamuuliza kwanza anachapa kurasa ngapi kwa siku. Akasema mia tatu hivi, na mitihani ikikaribia zinazidi.

Watu wengi wakisikia modeli imesimamishwa hudhani imekufa. Mimi naangalia katriji yake, yaani kasha la tona, ule wino wa unga. P1102 ilitoka mwaka 2010, lakini tona yake, 85A, huikosi Kariakoo mpaka leo. Katriji hiyohiyo inaingia kwenye printa nyingine za HP, M1132 na M1212nf, na kwa kuwa mtambo wa ndani ni wa Canon, katriji ya Canon 725 inayotumika kwenye printa ya Canon LBP6000 ni ndugu yake kabisa. Chukua boksi la tona isiyo orijino, ligeuze ubavu: utakuta 35A, 36A na 85A zimeandikwa pamoja. Namba zikiwa nyingi kwenye boksi moja, mimi hufurahi. Maana yake watu wengi wanaihitaji, na mwenye duka hataacha kuiagiza.

Hili nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Miaka ya nyuma nilimshauri mteja achukue printa ya punguzo bila kuuliza habari za tona. Mashine ilikuwa nzuri, inachapa pande mbili yenyewe na inaunganishwa kwenye mtandao wa ofisi. Tona iliyokuja nayo, ambayo mara nyingi hujazwa kidogo kuliko ile ya dukani, iliisha baada ya wiki tatu. Nilizunguka maduka saba. Katriji ilikuwepo moja tu, na bei yake ilizidi ya printa yenyewe. Yule mzee alikuwa ameniamini, na hela yake ikalala mezani imefunikwa kitambaa. Tangu hapo simwambii mtu anunue printa kabla sijaishika tona yake mkononi.

Sasa hesabu. 85A orijino imepimwa kutoa kurasa 1,600, na hizo ni kurasa zenye maandishi ya kawaida. Ukichapa picha au majedwali mazito zinapungua. Kwa kurasa 300 kwa siku, tona haimalizi hata siku sita. Halafu mtengenezaji ameiwekea P1102 ukomo wa kurasa 5,000 kwa mwezi, wakati dada yangu, akifungua siku 26, anafika 7,800. Angeichosha mapema sana fyuza, kile kifaa cha ndani kinachopasha joto ili tona ishike kwenye karatasi. Nikamwambia aiache, atafute mashine ya kazi nzito hata kama ni ya mtumba, mradi tona yake ipo.

Lakini jirani yangu wa ofisi, wakili anayechapa kurasa 200 kwa mwezi, nilimwambia aichukue leo. Akinunua tona nne pamoja na printa, ana kurasa 6,400, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu.

Kabla hajalipa tulikwenda kuijaribu palepale dukani. Printa ikikaa stoo muda mrefu, mpira wa roli inayovuta karatasi hukauka na kuwa mgumu, ukateleza. Ukurasa ukitoka, usugue kwa kidole ungali wa moto. Wino ukifutika na kukuachia weusi kidoleni, huenda fyuza haipati joto la kutosha, na kuibadilisha kunaweza kula punguzo lote.

Jambo jingine ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. P1102 haielewi PCL wala PostScript, lugha za kawaida ambazo printa nyingi huzielewa, bali hutegemea programu yake maalumu kwenye kompyuta. Anayetumia Linux atahitaji pia kuongeza programu-jalizi ya HP. Microsoft nayo ilitangaza Septemba 2023 kwamba itaacha hatua kwa hatua kuhudumia draiva za watengenezaji wa printa kwenye Windows. Kwa hiyo pakua draiva sasa na uiweke kwenye flashi. Printa ya zamani yenye PCL au PostScript ina nafuu hapa, maana draiva ya jumla, inayotumika kwa printa nyingi, huikubali. Na tafadhali, usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba umeme ukikatika: fyuza inapopasha, huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Ile ya wakili iligoma kuvuta karatasi tatu za kwanza. Nikafuta roli kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikaiacha ikauke, na ya nne ikapita safi. Tumeibeba. Nimemwandikia 85A kwa maka peni kwenye mfuniko, ili siku akimtuma kijana dukani asikosee.